Kona ya Yaya: Karanga zilizofungwa kwa siri za watu

Wadogo zangu, Yaya wenu amerudi. Mnaosoma mkiwa Nairobi au Dar es Salaam, acheni kucheka: huku kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mtu wa kulea watoto wa mwenye nyumba.

Juzi nilikuwa natoka soko la Mulongwe, ndagala mkononi, fungu la sombe kwapani, jua la saa nane linapiga utosini. Nikanunua karanga za franga 500. Mama muuzaji akachana ukurasa wa kaye, yaani daftari, akausokota kama pembe, akamimina, akakunja mdomo wake. Nikala nikitembea. Zilipoisha nikaufungua ule ukurasa nione kama kuna punje iliyojificha chini. Sikukuta punje. Nilikuta watu kumi na mmoja.

Kumi na mmoja kamili, kwa biki ya buluu, mstari kwa mstari: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya karte ya uchaguzi, pesa iliyotolewa, sinyature. Mmoja alitoa dola 20. Mama mmoja alitoa 150, na pembeni mwenye kabini ya kutolea pesa za simu akaongeza kwa mwandiko mdogo, “wa Amerika”, ajikumbushe kwamba huyu huletewa na mtoto wake aliye ng'ambo. Kulikuwa na mwalimu ambaye namfahamu, na mshahara wake wote umetoka siku moja. Mafuta ya karanga yalikuwa yamelowanisha jina la mtu wa tisa hata halisomeki, na huyo ndiye pekee aliyehifadhiwa.

Nilikuwa nimewaahidi kwamba safari hii najibu barua za mawifi. Mawifi watanisubiri.

Asiyekaa huku anaweza kushangaa kaye hiyo inatoka wapi. Huku Uvira tunaishi kwa pesa za aina tatu: franga ya Kongo ya kununulia nyanya, dola ya kulipia nyumba, na franga ya Burundi kwa sababu Bujumbura iko pale tu ng'ambo ya ziwa, usiku taa zake unaziona ukiwa mlangoni kwako. Ndagala wakivuliwa Kalundu, muhogo ukipanda kutoka Fizi, mchele ukitoka bonde la Ruzizi, daima kuna mtu anatuma pesa na mwingine anapokea, na siku hizi wanatumiana kwa simu. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, kama Goma kabla yake, benki za kule zilifunga milango na ofisi za jimbo zikahamia kwetu. Mwezi wa 12 zamu yetu ikafika, na watu wengi wakavuka kuingia Burundi na kile walichoweza kubeba. Aliyeweka akiba chini ya godoro aliiacha chini ya godoro. Aliyeiweka kwenye simu alivuka nayo. Ndiyo maana kabini ndiyo benki yetu: meza moja, mwavuli mmoja, binti mmoja, kaye moja.

Na kaye ikijaa, wadogo zangu, inauzwa kwa mama wa karanga.

Kabla ya barua zenu niwaambie yangu, msije mkadhani Yaya anasema kwa sababu ana akili kuliko nyinyi. Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu sana. Akanitaja jina. Akasema, “Mama, juzi ulitoa dola 45, sivyo?” Nikasema ndiyo. “Ulitolea karibu na daraja, sivyo?” Ndiyo. Akasema kuna kosa limetokea kwenye mashine, pesa yangu nyingine inaweza kupotea, nimsomee namba zinazoingia kwenye simu yangu sasa hivi airekebishe. Nikamsomea. Tena nilizisoma polepole, moja moja, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, na aliposema “rudia ya mwisho” nikarudia. Dola 112. Na hazikuwa zangu, zilikuwa za likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, na zamu ya mwenzangu ilikuwa Jumamosi. Kwa miezi mitatu nyumbani kwangu hakuna aliyeona nyama.

Kilichonifanya nimwamini ni lile jina na zile 45. Mwizi asingejua, nilijiambia. Anayejua ni mtu wa ofisi. Kumbe anayejua ni yeyote aliyepita mezani na kutupa jicho kwenye kaye.

Haya. Barua.

Binti wa kabini kule Kasenga anaandika: “Yaya, bosi anataka niandike kila kitu kwenye kaye. Wateja wakija kusaini wanachungulia majina ya wenzao. Mmoja aliona mumewe ametoa pesa siku aliyomwambia hana hata mia, wakapigana hapo hapo mezani. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ndiwe kata. Umeingia ndani ya mitungi ya kartie nzima: unajua nani analetewa, nani amefilisika, nani anamtumia mwanamke mwingine pesa kila tarehe 5. Kazi yako si kutoa pesa tu. Kazi yako ni kunyamaza, na pesa unatoa pembeni.

Anza na karatoni. Chukua karatoni ya sabuni, ikate ukubwa wa kaye, halafu katikati toboa dirisha refu lenye upana wa mstari mmoja. Unaiweka juu ya ukurasa na kuishusha kila mteja anapokuja. Anaona mstari wake, anasaini, basi. Nimewahi kuona mama mmoja akitumia kipande cha kikwembe badala ya karatoni, lakini upepo wa ziwa ukivuma mchana kikwembe kinaruka na siri zote zinabaki uchi, kwa hiyo karatoni ni bora.

Pili, andika kidogo. Ujumbe unaoingia kwenye simu baada ya pesa kutoka una namba ya muamala. Ukiandika hiyo namba, kiasi na sinyature, bosi wako akitaka kufuatilia atafuatilia, kampuni ina mengine yote. Ile ya “wa Amerika” isiandikwe kabisa. Ile si hesabu, ni umbeya wenye tarehe. Karte ya uchaguzi iangalie, linganisha sura, mrudishie mwenyewe. Usiipige picha kwa simu yako binafsi, maana simu hiyohiyo jioni mdogo wako anaichezea, kesho inaibwa, kesho kutwa inauzwa na picha za watu mia mbili ndani.

Tatu, na hili najua linakuchosha: wale mabibi. Bibi ametoka Makobola, simu ameifunga kwenye kitambaa, anakifungua fundo kwa fundo, anakukabidhi simu na kusema kwa sauti ya kanisani, “Mwanangu, namba ya siri ni elfu moja mia tisa hamsini na nne, mwaka niliozaliwa.” Foleni yote imesikia. Usimkaripie. Mgeuzie meza, mpe kivuli, mwambie, “Bibi, hii uibonyeze mwenyewe, mimi naangalia ziwani.” Na uangalie ziwani kweli. Asipoweza kubonyeza, aje na mjukuu anayemwamini, na siku hiyohiyo abadilishe namba isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye karte yake.

Kaye ikijaa, ifungiwe kwenye sanduku, na muda wa hesabu ukipita ichomwe. Si kuuzwa. Mwambie bosi wako kwamba hilo nimesema mimi, na akikasirika mwambie na hili: kabini mbili zikiwa kwenye avenyi moja, bei ni moja, kampuni ni moja, tofauti ni mdomo. Mama mwenye dola 150 atatembea mita 300 zaidi kwenye jua kumfuata binti asiyesema. Mimi natembea hizo mita 300.

Sasa niingize sheria hapa, maana wengi mmeiuliza. Inaitwa Code du numérique, na mmoja wenu aliniandikia kwa hasira akidhani ni kodi nyingine ya kulipa. Hapana, baba, hiki ni kitabu cha sheria: ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13/3/2023. Katiba yetu ya 2006 katika ibara ya 31 ilikwisha kusema kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Sheria ya 2023 ikaja kufafanua. Anayekusanya taarifa zako akuambie anazitaka za nini. Azitumie kwa hilo tu. Azilinde. Wewe nawe una haki ya kuziona, kusahihishiwa zikiwa na makosa, kukataa, na kuomba zifutwe. Taarifa za kabila, dini, siasa na afya zina ulinzi mkali zaidi. Sheria pia ilipanga kuwe na mamlaka maalumu ya kulinda taarifa za watu.

Sheria nzuri. Iko kwa Kifaransa, na mimi tangu 2023 sijaona hata karatasi moja ya Kiswahili imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya meri ikimweleza binti wa Kasenga kwamba inamhusu. Watu wanafikiri ni ya Vodacom, Airtel na Orange peke yao. Wakili akitaka kubishana nami kwamba kaye ya biki si kompyuta, abishane. Aliyepoteza dola 112 kwa sababu ya biki ni mimi, si yeye.

Barua ya pili ni ya kijana wa Kalundu anayekopesha wavuvi: neti, petroli, taa. “Yaya, kuna mtu ana deni langu la dola 80 toka mwaka jana. Nina picha yake na karte yake ya uchaguzi. Nataka nimweke kwenye status ya WhatsApp, niandike MWIZI kwa herufi kubwa, watu wamjue.”

Naelewa hasira yako, nami nilitamani kumweka yule kijana wa adabu kwenye kila ukuta wa mji huu. Lakini usifanye. Karte alikupa iwe dhamana ya neti, hakukupa uifanye tangazo. Ukiiweka hadharani, mwenye kosa anageuka kuwa wewe, na deni lako anakulipa kwa kesi.

Jirani zetu wameshapita njia hiyo. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, wakafungua ofisi ya kamishna. Kukawa na kampuni za mikopo ya simu: unakopa kidogo, programu inachukua namba za watu wako, ukichelewa wanampigia shangazi, padri na mwajiri wako. Mwezi wa 9 mwaka 2023 ofisi hiyo ikaitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa inakopesha kupitia KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatisha. Siku hizohizo baa moja ya Nairobi, Casa Vera, ikapigwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule ya Roma ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Yule binti wa saluni ya Rombe aliyeniandikia kuhusu picha za misuko, na wewe umeisoma hiyo ya baa? Picha inavuta wateja, sikatai. Muulize dada uliyemsuka: “Naweza kuweka?” Akisema ndiyo, weka. Akisema piga kisogo tu, piga kisogo. Msuko uko kisogoni hata hivyo.

Turudi Kalundu. Umri wa deni lako ni mwaka, bado linaweza kuzungumzwa. Nenda kwake na watu wawili anaowaheshimu, muandikiane upya: ameshika nini, atalipa kiasi gani kila mwezi, mashahidi wasaini. Shefu wa avenyi ajue. Akikataa, tribinali de pe, mahakama yetu ndogo, iko hapa hapa Uvira. Ni polepole, najua, lakini mvuvi aliyeaibishwa kwenye status hakulipi. Anahamia Baraka na neti yako ndani ya mtumbwi.

Barua ya tatu niliisoma mara mbili, nikaweka chini, nikatoka nje kidogo. Ni ya mama aliyekuwa amekimbilia Burundi na kurudi. Anasema: “Yaya, tangu turudi wanapita watu nyumba kwa nyumba wanaandika. Leo hawa, kesho wengine. Jina, umri, watoto, simu, kijiji cha asili, kabila. Wanasema ni msaada. Nikikataa tutakosa unga. Nikikubali sijui ninampa nani.”

Mama, hapa sitanii. Kwetu jina peke yake linasema mengi. Ukitaja jina la baba na kijiji chake, mtu wa huku anajua kama ni Mfuliru, Mvira, Mbembe, Mrundi au Mnyamulenge, hata kabla hujajibu swali la kabila. Na mji huu umebadilisha mikono ndani ya miezi michache. Karatasi haihami na aliyeiandika. Inabaki mezani, na anayekuja baadaye anaikuta. Wenye umri wangu tunakumbuka jirani yetu Rwanda mwaka 1994, neno moja la kabila kwenye kitambulisho lilivyotosha kizuizini.

Kwa hiyo usikatae unga, lakini uliza. Wewe ni wa shirika gani, kitambulisho kiko wapi, shefu wa kartie anakujua, orodha hii ni ya kugawa nini na lini? Mwenye kazi ya kweli hakasiriki akiulizwa, amefundishwa kujibu. Mashirika makubwa yana utaratibu wake. UNHCR, kwa mfano, huandikisha wakimbizi kwa picha na alama za vidole, na hilo hufanyika mahali panapojulikana, watu wamepangwa, wenye vitambulisho wamekaa mezani. Kijana mmoja na simu yake chini ya mwembe si UNHCR. Toa jina, idadi ya walio nyumbani, mwenye ugonjwa au mimba kama msaada unahusu hilo, na namba ya simu. Swali la kabila mjibu kwa upole: “Mchele wenu unauliza kabila?” Nimewahi kulijaribu. Kijana alitabasamu, akaruka kisanduku, akaendelea na swali la maji.

Karte yako isiondoke mkononi mwako. Haiendi “ofisini kidogo”, hailali kwa mtu.

Na jambo moja linalosemwa kwa kunong'ona: binti yako wa miaka 17 akiandikwa namba yake, halafu saa tatu usiku anapigiwa na yule aliyeandika orodha, akiambiwa jina lake linaweza kupanda juu akija kuonana naye. Huo si msaada. Mwambie binti kabla halijatokea, ili likitokea aje kwako moja kwa moja badala ya kuona aibu. Weka namba yako au ya baba kwenye orodha, si ya binti. Na mtu huyo ashitakiwe kwa shirika lake.

Nimekaa sana hapo, nawaomba radhi wa barua fupi.

Kijana wa Kavimvira mwenye depo ndogo ya sementi na mabati anauliza kama ajiandikishe, achukue patente (leseni) na namba ya daftari la biashara, au abaki kimya, kwa sababu “nikijiandikisha serikali itanijua”. Baba, serikali inakujua. Depo yako iko kando ya njia ya mpakani, hata ng'ombe wanaijua. Swali ni kama inakujua kwa karatasi au kwa sura. Anayejulikana kwa sura analipa kila asubuhi kwa kila anayepita na kofia, bila risiti, na kesho anaanza upya. Mwenye karatasi naye anasumbuliwa, sitakudanganya, lakini ana kitu cha kuonyesha, na mwaka atakapotaka mkopo au mzigo wa jina lake mwenyewe kwa DGDA, watu wa forodha, ana pa kuanzia. Tangu nchi yetu iingie OHADA, umoja wa sheria za biashara, mwaka 2012 hata mfanyabiashara mdogo ana mlango wake wa kuingilia, na kuna guichet unique ya kufungulia biashara.

Lakini nakuelewa unapoogopa. Mnakumbuka RAM? Mwaka 2020 wakubwa wa Kinshasa waliamka wakasema kila simu iandikishwe, ni kwa usalama wenu, simu ikiibwa itapatikana. Halafu unite, salio la simu, zikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea. Unaweka unite za kumpigia mama mgonjwa, unapiga, hakuna. Nchi nzima ikapiga kelele, Wabunge wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Simu yangu iliyoibwa mwaka 2021 haijapatikana mpaka leo. Jambo kama lile linaacha kovu: sasa kila fomu inanuka RAM, hata ile ya haki. Kinshasa wakitaka tuwakabidhi majina yetu, waanze kwa kutueleza yale ya zamani yalikwenda wapi.

Basi jiandikishe, lakini kwa akili. Kila unachokilipa, risiti yenye muhuri na jina la idara. Asiyetoa risiti, andika kwenye kaye yako mwenyewe tarehe, saa, kiasi na amevaa nini, halafu hiyo kaye isiende kwa mama wa karanga. Na fotokopi za karte ya uchaguzi: sote tunaitumia kama kitambulisho kwa sababu kitambulisho cha taifa bado hatujakishika, ingawa tuliona kwenye televisheni ya 30/6/2023 Rais Tshisekedi akipokea cha kwanza. Kwa hiyo fotokopi zako ziko kila mahali: kwa mwenye nyumba, kwa kampuni ya simu, kwa shule, kwa meri. Kila unapotoa moja, chora mistari miwili ya biki kukatisha kona hadi kona, na katikati yake andika: “Kwa ajili ya patente tu”, na tarehe. Sura ibaki inaonekana, lakini mtu hawezi kuichukua akafungulie laini ya simu kwa jina lako. Karani akinuna, mwache anune. Mimi nimenuniwa sana na sijafa.

Anayetumia laini ya Burundi iliyoandikwa jina la binamu wa Gatumba, kwa ajili ya Lumicash, pesa ya simu ya kule: siku mtakapogombana na huyo binamu, pesa ni yake. Usilaze kitu humo. Ingiza, toa.

Mweka hazina wa likelemba ya Nyamianda: ndiyo, kuweka orodha ya waliochelewa kwenye grupu ya wanachama kumi na wawili ni sawa mkiwa mmekubaliana tangu mwanzo. Kuipeleka kwenye grupu ya kwaya si sawa.

Na aliyeuliza kama mume anaruhusiwa kusoma meseji za pesa za mkewe, hilo ni la mawifi, nitalijibu nao.

Sasa mmeniuliza wenyewe, wale niliowasimulia kabla ya kuandika, kwamba ule ukurasa wa karanga niliufanya nini. Nilirudi. Mama wa karanga alikuwa bado yupo, kaye imebaki nusu, imelala chini ya sahani kama mto. Nikamwambia nainunua yote. Akaniangalia, akasema franga 3,000. Nikasema 1,000. Tukaishia 2,000, na akaniuliza kama nimefungua biashara ya karanga nami. Nilimwambia aliyemuuzia akileta nyingine, anitafute kwanza mimi kabla ya kuchana. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Usiku nikawasha moto wa kupikia sombe na kuanza kuchoma, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu kaye nzima haishiki vizuri, inatoa moshi tu. Nilikuwa na nia safi. Lakini moto una mwanga, na mwandiko wa binti aliyeijaza kaye ile ni mzuri, unasomeka hata ukiwa umesimama. Nilisoma kurasa mbili, wadogo zangu. Labda tatu. Shemeji yangu, yule aliyekuja kwangu tarehe 4 akilia kwamba hana hata pesa ya dawa ya mtoto, nikampa dola 15 za unga wangu, alikuwa ametoa dola 60 tarehe 3.

Nimeuchoma ukurasa. Jumapili anakuja kula. Mume wangu ananiuliza kwa nini nimenyamaza hivi.